Mfuko wa Salamu

Inspekta Pua alipimwa kwa kijiti cha pamba mara moja tu maishani mwake, na mpaka leo anashikilia kwamba yule mpimaji hakuwa anatafuta virusi. Alikuwa anatafuta ubongo. Kwa hiyo Ijumaa ile, saa nne asubuhi, mlangoni pa wodi ya figo, alipoambiwa kwamba hapa hakuna kijiti, ni kupuliza tu, alimwangalia sista wa zamu kama mfungwa aliyeambiwa achukue virago aende zake.

"Napuliza, basi?"

"Basi, Afande. Ingia hapo kibandani, ng'oa kizibo, vuta pumzi mpaka tumbo lijae, halafu puliza. Mfuko ukijaa funga koki, uniletee."

Kibanda chenyewe kilikuwa kona iliyozungushiwa pazia zito la plastiki, ili mwenye kukohoa akohoe na nafsi yake. Ndani mlikuwa na kiti kimoja na pipa la njano la takataka za hospitali. Mfuko ulikuwa mwembamba, wa rangi ya fedha, mdogo kuliko mto wa mtoto mchanga, na mrija wake ulifungwa kwa kizibo chekundu cha plastiki. Ukishaking'oa hakirudi. Inspekta akaivuta sketi yake ya sare, akaketi, akapuliza mpaka macho yakamtoka, akatoka nje ameushika kama mtu aliyeshinda zawadi.

Sista akauvika kwenye mashine yenye ukubwa wa redio. Ikapita dakika moja. Taa ya kijani ikawaka, na chini yake neno moja: SAFI.

"Kabla ya hii," Sista alisema, "mgeni anapigwa kijiti leo, anarudi kesho kuchukua majibu, na akiingia anaingia na barakoa. Wagonjwa wangu wamewekewa figo mpya, kinga yao imeshushwa kwa dawa ili mwili usiikatae figo. Mafua yako wewe ni jeneza la mwenzio. Walikuwepo humu ambao hawajaona mdomo wa binadamu miezi minne. Sasa ukipuliza ukawa safi, unaingia uso wazi."

Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, shavu la kushoto limevimba, na kila alipofungua kinywa ilitoka harufu kali ya karafuu.

"Jino?" Inspekta aliuliza.

"La mwisho kabisa. Wiki ya tatu hii. Hizi karafuu ndizo zinazonizuia nisiwang'ate watu."

Alitania, lakini alikuwa haachi kutazama saa ya mkononi, na alikuwa na haki. Saa tisa alasiri jalada lake lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka: uzembe uliosababisha kifo.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatano, yaani juzi, katika chumba namba tano, alifariki mzee aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, na mpaka kaburini watu walimwita Mkuu. Figo yake mpya ilikuwa haina tatizo. Kilichomuua ni virusi vya mapafu. Na aliyeviingiza alijulikana: mwanamke wa kumtunza, aliyeajiriwa na mwanawe miezi saba iliyopita, ambaye wodi nzima walimwita Dada Gazeti kwa sababu kila asubuhi alikuja na gazeti akamsomea mzee. Jumatano ya wiki mbili zilizopita, Dada Gazeti alikuwa na homa, akapimwa kwa kijiti kwenye zahanati ya mtaani kwake. Majibu: ana virusi. Alhamisi yake, saa moja asubuhi, aliingia chumba namba tano uso wazi. Na daftari la Sista, kwa mwandiko wa Sista, lilisema: *amepuliza, safi.* Kesho yake aliomba ruhusa ya wiki moja, na aliporudi mashine ilimsoma safi kila siku.

"Kwa hiyo aidha mashine ni kipofu," Sajini alisema, "au huyu mama aliandika bila mtu kupuliza. Tumfunge?"

Sajini alikuwa mtu mwema, mwenye miaka thelathini ya kazi na swali moja.

"Ngoja kwanza," Inspekta alisema.

* * *

Aliyekuwa hataki kungoja ni mtoto wa marehemu. Lilikuwa jibaba la mabega mapana, suti nyeusi, na alikuwa ameziba korido kama kabati lililokwama mlangoni.

"Afande, mimi sitaki maelezo. Nataka mtu."

"Mtu yupi?"

"Yule pale mlangoni. Nimeshaongea na wakili. Nitahakikisha hapulizi tena hata chai ya moto. Nataka akae ndani mpaka meno yake yote yang'oke, siyo hilo moja."

"Na Dada Gazeti?"

Jibaba likalegea kidogo. "Yule hana kosa. Aliambiwa safi, akaja kazini. Baba alimpenda kuliko alivyotupenda sisi. Msibani amelia mpaka akashikiliwa."

Inspekta akaandika *akashikiliwa*, bila kusema kwa nini.

* * *

Maabara ilikuwa ghorofa ya chini. Mtaalamu wake aliitwa Fundi Mapafu, kijana mrefu mwembamba ambaye yeye mwenyewe alionekana kama akipulizwa vizuri angeruka. Nyuma yake kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake mifuko ya fedha imening'inizwa kwa safu.

"Mwili ukianza kupigana na virusi, pumzi inabadilika harufu," alisema. "Wewe hutaisikia."

"Unajua wananiita nani?"

"Nimeambiwa. Hata wewe hutaisikia. Mashine inaisikia. Na ili tuwe na ushahidi kwamba inafanya kazi sawasawa na kijiti, kila mfuko wa mgeni tunautunza siku ishirini na moja. Haivuji. Pumzi ya leo utaikuta vile vile mwezi ujao."

"Wa Dada Gazeti, ile Alhamisi?"

"Nimeupima upya mara mbili tangu mzee afe." Aliutoa akauweka mezani taratibu, kama yai. "Safi. Safi. Mashine haikukosea, Afande. Andikeni hivyo, maana wakubwa wameshaanza kusema turudi kwenye vijiti."

Hapo sasa kulikuwa na mfuko, una lebo ya Dada Gazeti, una pumzi. Kwa hiyo mtu alipuliza. Hoja ya pili ya Sajini ikafa papo hapo, akaisindikiza kwa kuguna. Ya kwanza nayo ikawa mahututi: pumzi ile haikuwa na ugonjwa, na Dada Gazeti siku hiyo alikuwa nao.

Inspekta akauinua mfuko, akazungusha koki nusu mzunguko, akasogeza pua.

"Afande! Huo ni ushahidi!"

"Ndiyo maana naunusa."

Akaufunga. Akampa Sajini. Sajini akanusa kidogo, akakunja uso, akafikiri, kisha uso wake wote ukawaka kama taa ya mashine.

"Karafuu!"

"Karafuu," Inspekta alikubali.

"Ni Sista! Amempulizia mwenzake! Wamekula njama! Sasa tumfunge?"

* * *

Sista alipoulizwa, hakulia. Alikasirika.

"Mimi? Nimpulizie? Afande, naonekana nina pumzi za kugawa? Nilimpa mfuko mpya mkononi, akaingia kibandani, akatoka nao umejaa, nikaupima, nikaubandika lebo. Kama kila siku."

"Pumzi iliyomo ni yako. Ina karafuu."

"Haiwezekani. Pumzi yangu mimi naitoa mara moja tu kwa siku, kwenye salamu."

"Salamu gani?"

"Mfuko wa salamu." Alisema kana kwamba kila mtu duniani anao. "Mashine ikiwashwa asubuhi, mwenye zamu anapuliza mfuko wa kwanza yeye mwenyewe, kuijaribu. Tunaita kuisalimia. Ikisema safi ndiyo tunaanza na wageni. Huo hautunzwi wala haubandikwi lebo, unatupwa."

Inspekta aliomba daftari. Alhamisi ile mstari wa kwanza ulisomeka: *0417, salamu, umetupwa.* Wa pili: *0418, Dada Gazeti, safi.*

"Hizi namba zinatoka wapi?"

"Zimechapwa kwenye mshono wa chini wa kila mfuko. Tunaandika namba wakati wa kumkabidhi mgeni."

"Ukirudishiwa, unaisoma tena?"

Sista akautazama mfuko uliokuwa mezani. Inspekta akaugeuza mfuko wenye lebo ya Dada Gazeti. Kwenye mshono, kwa herufi ndogo kama kunguni, paliandikwa 0417.

Sajini akainama kuisoma, na Sista akainama. Hata jino nadhani lilisahau kuuma.

"Ule wa salamu uliutupa wapi?" Inspekta aliuliza polepole.

"Pipa la njano. La kibandani."

"Ukiwa mtupu?"

"Utaratibu unasema tufungue koki kwanza, pumzi itoke."

"Sikuulizi utaratibu, dada yangu. Nakuuliza wewe."

Sista aliinamisha kichwa. "Mimi huwa... nautupa umejaa. Kwa mbali. Kama mpira." Sauti ikazama. "Ukiingia pipani napata nguvu ya kuanza kazi. Yeye alikuwa wa kwanza kufika kila siku. Alikuwa ananipigia makofi."

Sajini alikuwa anatazama kutoka kwa huyu hadi kwa yule. "Bado hawa wawili wangeweza kuwa pamoja."

"Wangekuwa pamoja, Sajini, kulikuwa na haja gani ya kuokota pipani? Sista angepuliza 0418 mwenyewe, namba zikalingana, mimi na wewe tungekuwa nyumbani. Swali ni moja. Kama Dada Gazeti alitoka na mfuko wa pipani, ule mpya aliopewa uko wapi?"

"Aliuacha pipani badala yake."

"Mfuko mpya una kizibo chekundu, juu ya glavu zilizotumika?" Sista alidakia. "Ningeuokota hapo hapo. Mifuko hii ni ya kuhesabu."

"Basi alitoka nao nje."

"Hatoki nao mtu," Sista alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepata mgongo. "Mikoba inabaki kwenye makabati huku nje. Wodini unavaa gauni letu, halina mfuko hata wa kuwekea leso. Ukitoka unakaguliwa. Kikiingia wodini kimeingia, hakitoki ila kwenye takataka za njano au pamoja na vitu vya mgonjwa."

"Yeye aliruhusiwa kuingia na nini?"

Waliangaliana, na wote watatu wakasema kwa pamoja, kama darasa la chekechea:

"Gazeti."

* * *

Vitu vya Mkuu vilikuwa kwenye buti la gari la mwanawe, havijaguswa tangu Jumatano. Jibaba lilifungua buti huku likinung'unika.

"Saa saba hii. Zimebaki saa mbili, Afande. Mnachezea muda ili mumwokoe yule mama."

"Fungua tu, kaka."

Yalikuwepo makubazi, miwani, na mtungo mkubwa wa funguo za kizamani zenye vibati vya majina: *ofisi*, *stoo*, *bweni*, *maabara*, *gesi*.

"Hizo alikuwa halali bila kuziweka chini ya mto," mtoto wa marehemu alisema. "Tangu astaafu. Sijui alikuwa anaogopa nani. Baba hakuwa na adui. Labda yule mhudumu wa maabara wa wakati wa moto, na yeye alifia gerezani zamani."

"Moto upi?"

"Maabara ya shule iliungua, wanafunzi wawili wakafa. Yule mhudumu aliacha gesi wazi. Baba alitoa ushahidi. Lakini haya ni ya kale, yanahusu nini?"

Inspekta alizitenga funguo kando. Alikuwa ameshafikia magazeti, rundo zima limefungwa kwa kamba.

"Hayo usiyavuruge sana, nimemwahidi Dada Gazeti. Ameniomba mara mbili nimpe, awe na kumbukumbu. Nimemwambia asubiri mambo yatulie." Alitikisa kichwa. "Mtu mwenye moyo kama ule humpati tena."

Gazeti la Alhamisi ile lilikuwa la saba kutoka juu. Yote mengine yalikunjwa kwenye kurasa za siasa. Hili lilikunjwa kwenye ukurasa wa michezo.

"Ajabu," lilisema jibaba. "Baba na mpira wapi na wapi?"

Inspekta alivaa glavu, akalifunua. Katikati ya picha ya golikipa aliyeruka upande usio na mpira, ulikuwa umelala mfuko wa fedha, bapa, haujawahi kuonja pumzi ya mtu. Kizibo chekundu kilikuwa mahali pake. Kwenye mshono: 0418.

Mtoto wa marehemu aliutazama mfuko, akaitazama sura ya Inspekta, na pole pole kile kidole chake kilichokuwa kinaelekezwa mlangoni kwa Sista tangu asubuhi kikashuka.

"Nitamuua," alisema kwa sauti ya chini.

"Foleni ya kuuana imetosha, kaka. Kaa kwenye gari."

* * *

Dada Gazeti alikuja mwenyewe saa nane kamili, kama alivyoitwa, kitambaa cheusi kichwani, akaketi kwenye chumba cha kusubiria ndugu wa wagonjwa. Umri wake ulikuwa kwenye thelathini na kitu. Alikuwa na sauti ya kusomea taarifa ya habari: kila neno lilitoka limepigwa pasi.

"Pole kwa msiba," Inspekta alisema.

"Tumeshapoa, Afande. Namwonea huruma Sista. Watamfunga?"

"Ndiyo tunalotaka kujua. Nieleze ya zahanati."

"Jumatano nilikuwa na homa. Nikapimwa kwa kijiti. Jioni mpimaji akanipigia. Nikamuuliza, 'Vipi huko?' Akasema, 'Safi.' Simu ikakatika. Nikajua majibu ni safi, nikalala nimetulia."

Inspekta alikuwa ameshampigia mpimaji wa zahanati asubuhi ile, na mpimaji alikuwa amejikuna kichwa mpaka kikasikika kwenye simu. Ni kweli, aliulizwa *vipi huko*, akajibu *safi*, kama anavyojibu mtu yeyote anayesalimiwa. Kisha akatoa majibu yenyewe. Kama simu ilishakatika wakati huo au la, hakuweza kuapa. Neno moja, maana mbili, na mahakama yoyote ingempa mwanamke huyu maji ya kunywa na pole ya usumbufu.

"Kwa hiyo Alhamisi unaingia wodini, moyoni unajua wewe ni mzima kabisa."

"Kabisa."

"Hukuwa na wasiwasi hata kidogo na mashine?"

"Wa nini? Niliambiwa safi."

"Sajini, liandike hilo. Dada, tafadhali soma, kama ni sawa weka sahihi."

Dada Gazeti alisoma kwa makini, akarekebisha koma moja, akatia sahihi. Sajini aliivuta karatasi upande wake, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuuliza kitu.

Inspekta akaweka mezani mfuko wa kwanza. "Huu una lebo yako na pumzi ya Sista. Namba 0417. Ulitoka pipani." Akaweka wa pili. "Huu ndio uliopewa wewe. 0418. Umetoka kwenye gazeti lako, na vidole vilivyoushika tutavijua leo hii hii. Kizibo hakijang'olewa."

Akaweka karatasi yenye sahihi katikati ya ile mifuko.

"Nisaidie hapa tu, dada yangu. Mtu anayejijua ni safi, anaokota pumzi safi pipani ya nini?"

Saa ya ukutani ilikuwa na mlio mkubwa kuliko inavyostahili saa ya ukubwa ule. Dada Gazeti aliiangalia mifuko, mmoja baada ya mwingine. Kisha akafanya jambo ambalo Sajini alilisimulia kituoni wiki nzima: alicheka, kidogo, kama mtu aliyefungwa goli zuri.

"Nilimwomba yale magazeti mara mbili," alisema. "Ningeomba mara ya tatu angeshtuka."

"Yule mhudumu wa maabara alikuwa nani yako?"

"Kaka yangu. Tumbo moja." Ile sauti ya taarifa ya habari iliondoka. "Mkuu alisimama mahakamani akaapa kwamba ufunguo wa chumba cha gesi ulikuwa mmoja tu, na anao kaka. Kaka alisema asubuhi ile alifunga, na Mkuu anao wa kwake, na Mkuu ndiye aliyefungua ili awaonyeshe wageni wa wizara. Nani amsikilize mfuta meza? Miaka saba walimpa. Alimaliza mitatu. Kifua kilimshika kule ndani, akakohoa miezi kumi na moja. Nilikuwa naenda kumwona, naongea naye kupitia wavu, anataka kunijibu, pumzi haitoshi. Nikamwambia, kaka, nyamaza, nitakusemea mimi."

"Ukaomba kazi ya kumtunza."

"Miezi saba nimemwogesha mtu yule. Nimemkata kucha. Hakuniuliza hata siku moja kwetu ni wapi." Aliinama mbele. "Watu waliukimbia ule ugonjwa, Afande. Mimi niliukimbilia. Wiki tatu nimekaa kwenye foleni za zahanati siumwi kitu, natafuta anayekohoa zaidi, nakaa naye bega kwa bega. Zamu yangu ikifika nasema tangulia tu, ndugu yangu. Nilivyopata homa niliimba."

Sajini kalamu ilikuwa imemsimama hewani.

"Kwa nini ukurasa wa michezo?" Inspekta aliuliza.

"Masikio yalikuwa mabovu yale. 'Sogea, binti, sikusikii.' Basi nikasogea, karibu hivi. Siasa ina maneno ya kulala. Mpira una maneno ya kupuliza. Pasi. Penalti. Pambano. Patashika. Weka kiganja mbele ya mdomo, Afande, useme *penalti*."

Inspekta aliweka kiganja mbele ya mdomo na kulisema neno lile bila sauti. Kipepeo cha joto kikamgonga mkononi. Akakifuta kiganja kwenye sketi.

"Kaka alichukua miezi kumi na moja," Dada Gazeti alisema. "Yeye siku kumi na tatu. Mnaweza kusema nilimhurumia."

"Na Sista? Alikukosea nini yule? Saa tisa jalada lake linaondoka."

Hapo tu ndipo alipotazama chini. "Kaka yangu naye hakukosea."

Inspekta aliinuka, akaleta kitu kutoka dirishani, akakiweka mezani kwa uzito wake wote: mtungo wa funguo wenye vibati. Akautenga mmoja kwa kidole. Kibati kilisomeka, *gesi*.

"Ulikuwa chini ya mto wake," alisema. "Huu nao unaingia kwenye jalada."

Dada Gazeti aliutazama ufunguo ule kwa muda mrefu. Miezi saba alikuwa ametandika kitanda kile, na mzee hakuwahi kumruhusu aguse mto. Akaugusa kwa ncha ya kidole. Machozi ya msibani yalikuwa mengi na yenye kelele. Haya yalikuwa mawili, na hakuyafuta.

* * *

Saa tisa kasoro dakika kumi, Sajini alipiga simu kwa mwendesha mashtaka kumwambia jalada la uzembe lisisubiriwe, linakuja lingine lenye jina lingine na kosa zito zaidi. Kwa Sista lilibaki onyo la maandishi: mifuko itolewe pumzi, na isirushwe.

Kilibaki kitu kimoja. Fundi Mapafu alitaka pumzi ya Dada Gazeti mwenyewe, ailinganishe na ile ya mfuko 0417, ili wakili yeyote asije kusema karafuu huliwa na watu wengi. Wakampeleka mlangoni pa wodi, pingu mkononi, na safari hii pazia la kibanda liliachwa wazi.

Sista ndiye aliyemkabidhi mfuko. Alisoma namba kwa sauti, akaiandika. Alitaka kusema kitu, na siku mbili za hofu zilikuwa zimejaa kinywani mwake pamoja na karafuu. Akasema tu, "Puliza."

Dada Gazeti aling'oa kizibo chekundu kwa meno, akapuliza taratibu, kwa muda mrefu, mpaka mfuko ukatuna. Sista akaupokea, akaisoma namba kwa mara ya pili, akauvika kwenye mashine. Wote wakasimama kusubiri: Inspekta, Sajini, Fundi Mapafu, na nyuma yao, kwenye korido, mtoto wa marehemu, mkono wake umeufumba ule mtungo wa funguo aliotakiwa autambue na kuutilia sahihi, bado hajatia.

Homa ilikuwa imeshamtoka mwanamke yule siku nyingi. Dakika ikapita. Taa ya kijani ikawaka, na chini yake lile neno moja, na hakuna aliyelisoma kwa sauti.